Jina Nililolikata Mwezi wa Ramadhani

Nasra mwanangu,

Baba yako ameshuka Darajani kukununulia halua, kana kwamba huko Pemba hakuna sukari, na wewe umekwenda Mwanakwerekwe kumuaga shangazi yako. Kwa hivyo nyumba ni yangu mpaka Magharibi. Nimekaa kwenye cherahani, maana ndiyo meza pekee ambayo hukuijaza nguo, na ninaandika upesi kabla hujarudi ukaanza kunichungulia begani.

Ya kula, ya kulala na ya kujifunika upepo wa boti sikuandikii. Hayo nimekuambia kwa mdomo tangu ilipokuja barua yako ya kazi, na najua mengi yameingia sikio hili yakatokea lile. Ninataka kukuandikia jambo nililolificha kwa miaka kumi na sita. Ni mtu mmoja tu niliyepata kumwambia, na nimemwambia leo asubuhi.

Lilinirudia Ijumaa iliyopita tulipokuwa tunakula. Baba yako alikuuliza huko ofisi ya uchaguzi utafanya kazi gani hasa, ukamwambia utakaa kitengo cha sheria, upokee mapingamizi ya wagombea. Akakuuliza, "Na mtu mwenye kesi mahakamani, mtamwacha agombee?" Ukaweka kijiko chini. "Baba, mtu ana kesi ya kughushi, halafu tumkabidhi muhuri? Kungoja hukumu ni kumngoja mwizi amalize kubeba ndo upige kelele." Baba yako akacheka, akasema huyu sasa mwanasheria kweli. Mimi nikainuka nikasema nakwenda kuchukua maji, na jagi la maji lilikuwa mezani mbele yangu. Ukaniangalia ukafikiri mama kazeeka.

Sikuzeeka. Nilikuwa nimesikia maneno yangu yakitoka kinywani mwako, neno kwa neno, na wewe hukuwahi kuyasikia kwangu.

Wakati ule ulikuwa na miaka minane. Diwani wetu alifariki, ukaitishwa uchaguzi mdogo, na mimi nikaazimwa kutoka skuli niwe msimamizi msaidizi wa wadi. Walinichagua kwa ajili ya mwandiko wangu, nami nikaona ni haki yao kunichagua. Kazi yenyewe ukiisema ni ndogo. Unapokea fomu za wagombea, unazibandika ubaoni nje ya ofisi kila mtu azione, unangoja siku moja. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi kabla ya saa kumi ya siku ya pili. Likija, unasikiliza pande zote, unaamua, unaandika.

Walijitokeza watatu. Mmoja wao alikuwa Bwana Khelef, fundi wa kanzu, yule ambaye dirisha lake na letu yametazamana hata akipiga chafya usiku sisi tunamwombea rehema tukiwa kitandani. Bwana Khelef alikuwa na kesi. Alishitakiwa kwamba alighushi karatasi ya nyumba ya wakfu iliyo nyuma ya msikiti, ili chumba cha chini alichokaa Bi Rukia kionekane kimeandikiwa mpwa wake yeye Khelef. Bi Rukia unamkumbuka, kizee asiyeona, aliyekuwa akikujua kwa harufu ya mafuta ya nazi ya nywele zako. Mahakamani kesi ilikuwa imeahirishwa na kuahirishwa, hukumu haijatoka. Mtaani ilikuwa imetoka zamani. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo li njiani laja.

Saa tisa na nusu ya siku ya mapingamizi, mmoja wa wagombea wenzake akaleta karatasi: mtu mwenye kesi ya kughushi hafai kuwa diwani. Nikapeleka ujumbe kumwita Bwana Khelef. Alikuja mbio kutoka kazini, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya shati, na uzi mweupe unaning'inia.

"Bwana Khelef," nikamuuliza, "karatasi ile umeiandika wewe?"

"Mwalimu, hilo nnaulizwa mahakamani na huko nnajibu. Hapa niulize kama nshahukumiwa. Sijahukumiwa."

Nilimwona mjanja. Leo ninaona kwamba katika chumba kile yeye ndiye aliyekuwa akiisoma sheria, na alikuwa hana hata kitabu mkononi.

Kitabu nilikuwa nacho mimi. Kilisema anayezuiwa ni aliyetiwa hatiani na mahakama. Kuhusu aliyeshitakiwa tu hakikusema kitu. Nilikisoma mara tatu, nikitamani kiseme. Kisha nikaona mahali palipoandikwa kwamba mgombea awe mtu wa mwenendo mwema, nikajishikiza hapo hapo. Nikaandika kurasa mbili. Niliandika kwamba watu wa wadi wana haki ya kulindwa, kwamba akishakaa kwenye kiti hakuna atakayethubutu kumgusa, na mwisho nikaitia na ile methali ya lisemwalo lipo. Ndiyo, mwanangu, nilimhukumu mtu kwa methali, na mwandiko ukapendeza.

Halafu nikachukua rula yangu ya skuli nikapiga mstari juu ya jina lake katika orodha. Mstari wenyewe haukuzidi kidole changu cha shahada. Wino ulikauka kabla sijaifunika kalamu. Mpaka leo nikiukumbuka mwili unanisisimka kwa udogo wake. Nilikuwa nimewaamulia watu wa mitaa mizima, walio hai na wanaokwenda kupiga kura kwa miguu yao, na hakuna kilichotikisika. Paka wa ofisi alikuwa amelala chini ya meza na hakuinua hata sikio.

Sasa nakuja kwenye lile nililolificha. Hakuna aliyeniamrisha. Mtaani walisema, "Mwalimu maskini, kaletewa amri kutoka juu, angefanyaje?" Baba yako mwenyewe anaamini hivyo, na niliwaacha waamini. Hapakuwa na simu, hapakuwa na bahasha, hapakupita mtu kunitisha. Tulikuwa mimi na dhamiri yangu, nayo ilikuwa safi kama kanzu ya Idi. Nilimwonea huruma Bi Rukia na nilitaka haki itendeke. Amri ya mkubwa ningeiogopa, Nasra. Ningeipima, ningeuliza watu, pengine ningeikataa. Dhamiri yangu sikuipima kwa sababu ilikuwa yangu.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la kati. Nilirudi nyumbani karibu na kufuturu, nimechoka na nimeridhika. Sijavua hata buibui, mlango ukabishwa. Alikuwa Bi Salma, mke wa Bwana Khelef, ameshika sahani ya kauri yenye maua ya buluu, imefunikwa kawa. Ndani mlikuwa na ndizi mbivu za nazi, na sambusa nne pembeni: moja ya kila mtu wa nyumba hii, na moja ya wewe na baba yako kugombania. Nikadhani hajasikia. Nikaona bora nimwambie mimi kuliko asikie kwa watu.

"Bi Salma, Bwana Khelef kesharudi?"

"Kesharudi."

"Kakwambia?"

"Kanambia." Akanitia sahani mikononi. "Nkamuuliza, leo kwa Mwalimu tupeleke au tuache? Akasema, jina langu ndo lilotoka kwenye karatasi, jirani hajatoka mtaani. Haya, isipoe."

Akageuka akashuka ngazi.

Nimeishi miaka sitini na mbili. Nimezaa, nimezika, nimefundisha watoto ambao leo ni mabibi na mababu, na ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Lakini sijaona jambo lililonitia kicho moyoni kuliko sahani ile. Nilisimama nayo mlangoni mpaka adhana ikaisha, sijafuturu, nikisikia joto lake likipita viganjani. Kwa kweli niliogopa. Niliona kwamba yule mtu niliyemwandikia kurasa mbili za mwenendo wake, mimi simjui hata kidogo.

Wajua desturi yetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Kesho yake nilipika tambi, nikapakua kwenye ile ya maua ya buluu, nikakupa uipeleke. Ulipofika mlangoni nikakurudisha. Nikatoa tambi nikatia kaimati. Nikakurudisha tena. Ukaniuliza, "Mama, leo tunapeleka au tunacheza?" Kila nilichokitia niliona ni rushwa, au ni kujifanya hapakutokea kitu. Basi nikaiosha nikaiweka juu ya kabati. Wao waliendelea kuleta futari kwa sahani nyengine, na hizo nikazirudisha zimejaa, kila mwaka, kama majirani wote. Ile ya kwanza hawakuiulizia. Ndiyo hiyo uliyokuwa ukiniuliza kila Idi kwa nini hatuilii, nikakwambia ina ufa. Haina ufa.

Bwana Khelef alikata rufaa, kama ilivyo haki yake. Huko juu walizisoma kurasa zangu, wakasema msimamizi ndiye aliye karibu na watu, anajua zaidi. Nilistaajabu nilivyosoma jibu lao. Mimi niliyekuwa sijui nimekuwa ndiye mwenye kujua, kwa sababu tu karatasi yangu imepanda ngazi. Utayaona haya huko uendako, neno linavyozidi uzito kila likihama meza.

Siku ya kura nilikuwa nikizunguka vituo. Katika kituo cha skuli yetu nikamkuta Bi Rukia amesimama mbele ya meza ya makarani, ameshikwa mkono na jirani yake, nguo zake zinanukia udi. Alikuwa amesomewa majina na amekataa kwenda mbele. Nikamsogelea, nikamwamkia.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba. Mwalimu, huyu karani kanisomea majina mawili. Khelef yuko wapi?"

"Ameondolewa, bibi. Kwa ile kesi ya chumba chako."

"Kaondolewa na nani?"

Nikasema, "Na sheria." Ulimi wangu haukujikwaa hata kidogo.

"Kwa kunionea huruma mie?"

"Kwa kukulinda."

Aliuelekeza uso wake ukutani. "Mwalimu, miaka yote hii hiyo karatasi mie sijaijua hata rangi yake. Wakili kasema, karani kasema, mtaa mzima umesema. Nlikuwa nangoja leo na mie niseme. Nmeamka tangu alfajiri, nshafukiza nguo, nije nimnyime Khelef kwa mkono wangu mwenyewe. Au nimpe, hayo ya moyoni mwangu. Sasa ntamnyima nini, na nyie mshamnyima?"

Halafu akamwambia jirani yake, "Nirudishe nyumbani." Hakupiga kura. Nilibaki nimesimama, na foleni inanipita kushoto na kulia, watu wanaingia na vitambulisho vyao mkononi, wengine wamevaa viatu vya harusi kwa siku ile. Nilikuwa nimedhani nimemzuia mtu mmoja. Kumbe nilikuwa nimeingia katika moyo wa kizee asiyeona, nikamnyang'anya hukumu aliyokuwa ameiweka miaka, na yeye alikuwa ndiye mwenye chumba.

Utaniuliza kesi iliishaje. Haikuisha. Shahidi mkubwa alikufa, Bi Rukia naye akafariki, Mungu amrehemu, ndani ya chumba kile kile, na jalada likafungwa bila hukumu. Mpaka leo sijui kama Bwana Khelef alighushi au hakughushi. Kulikuwa na siku nilimwomba Mungu mtu huyo aonekane ana hatia ili nami nipumue. Hebu mfikirie mama yako juu ya msala, mikono ameinua, anaomba jirani yake awe mwizi.

Nilichukua miaka kuona kwamba hata angetiwa hatiani wiki ileile, nisingekuwa nimefanya sawa. Ningekuwa nimebahatisha tu, na ningelala vizuri, na mara ya pili ningebahatisha tena kwa ujasiri zaidi. Nilipoliona hilo nilishukuru kwamba sikupata kujua, na huko kushukuru kwenyewe kukanishangaza.

Sikuandikii ili uwaachie wote wapite. Hoja yako ya Ijumaa si ya kijinga, ilinishinda mimi niliyekuwa nimeshauzidi umri ulio nao leo. Pengine wako watu ambao kuwangoja ni hatari kweli, wakishakaa kitini majalada yao yatageuka karatasi za kufungia vitumbua. Jibu la watu hao sinalo, na anayekuambia analo jepesi mtazame vizuri. Ila kama upo mstari wa kuwazuia, nautaka uwe umechorwa kabla ya majina kubandikwa ubaoni, na wengi, mchana, wewe uukute umeshachorwa. Usiuchore wewe, saa tisa na nusu, na jina la mtu liko mbele yako na dhamiri yako imetakata.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafunga masanduku, niliiteremsha sahani kutoka juu ya kabati. Nikapika mkate wa kumimina, nikaupakua, nikaufunika kawa, nikavuka njia. Bwana Khelef siku hizi hashoni kanzu, macho hayamsaidii. Alikuwa amekaa barazani anashona kofia kwa mkono, kushona kwa kupapasa. Nikamwekea sahani mapajani.

Aliipitisha kidole ukingoni. "Hii ya maua. Nkidhani imevunjika."

Nikakaa kando yake nikamwambia yote. Kwamba hapakuwa na amri kutoka juu. Kwamba nilikuwa mimi, na kwamba Bi Rukia nilimwambia ni sheria, na haikuwa sheria. Alisikiliza, sindano inapanda na kushuka.

"Nlijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Alotumwa humtazama mtu usoni. Humwambia, bwana wee, mie nimetumwa tu. Wewe siku ile hukunitazama. Ulikuwa unatazama rula."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Yangu nshakusamehe zamani, Mwalimu. Lakini kura za watu si zangu, siwezi kukusamehea." Akavuta uzi. Kisha, taratibu, kama mtu anayemkaribisha mgeni kahawa, akaniuliza, "Unataka nikwambie kama karatasi ile nliiandika?"

Nasra, nilitaka. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nilipotaka wewe uzaliwe salama. Nilimwona yuko tayari, na najua angeniambia kweli, iwe tamu iwe chungu. Na nikajiona, nikipokea jibu lolote lile, ninakaa tena kwenye kile kiti, na rula mkononi.

"Usinambie," nikasema. "Halikuwa langu kuuliza."

Akacheka. Akacheka hata miwani ikamshuka puani. "Haya," akasema, "leo umetoa hukumu na mie nimeiafiki."

Nilipoinuka, Bi Salma akanifuata na ile sahani. Alikuwa ameshautoa mkate, ameiosha, amepanga visheti juu yake kwa duara, kwa mikono ile ile. "Ya safari ya Nasra," akasema.

"Lakini sahani yenu hii, Bi Salma. Nimeirudisha leo."

"Yetu, ndiyo. Ataileta mwenyewe."

Nimevuka njia nikilia, na sikujificha. Mtu wa machungwa akaniuliza nimefiwa na nani, nikamwambia sijafiwa.

Iko hapa mezani, barua hii nitaiweka chini yake. Visheti kula botini na utakaokaa nao. Sahani ifunge ndani ya kanga mbili, uiweke katikati ya nguo, na ukifika iweke mahali utakapoiona ukiwa kazini, watu wakikuletea majina ya watu. Ukirudi, uwe umefanya vyema au umekosea kama nilivyokosea mimi, bisha mlango wao kwanza kabla ya wangu. Usiirudishe tupu, mwanangu, na usiikawize miaka kumi na sita.

Nasikia viatu vyako kwenye ngazi.

Mama yako